Gofu Halibishiwi Hodi

Jua lilikuwa limekwisha kukata tamaa na kuanza kuteremka nyuma ya vilima, mwashi mmoja aliposukuma toroli lake kupanda kwenye gofu la juu. Mji mzima ulimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu hakuwahi kuvumilia ukuta uliopinda wala mtu aliyepinda. Alikuwa anakwenda kuchukua jiwe moja tu.

Jiwe lenyewe lilikuwa la nyumba ya binti yake. Binti alikuwa amejifungua wiki ile, kabla ya siku zake, na mtoto alitoka mdogo hata ukimbeba unajisikia umebeba nguo tupu. Baba wa mtoto, dereva wa lori, alikwamishwa na barafu ng'ambo ya mlima. Nyumba ilikuwa mpya, kuta za mawe, dohani imesimama wima kama askari. Kilichoharibika ni linta, lile jiwe refu linalolala juu ya mdomo wa meko na kubeba uzito wa dohani yote. Maji yaliingia kwenye ufa mwembamba kama unywele, yakaganda, yakavimba, na jiwe likafunguka kama kitabu. Bila linta hakuna meko. Bila meko... asubuhi ile vidole vya mtoto vilikuwa vimeanza kugeuka rangi ya samawati.

Jiwe la mtoni halikufaa. Limenywa maji miaka yote. Likipata moto hulipuka. Lilitakiwa jiwe lililokwisha kuonja moto, na mawe ya namna hiyo yalikuwa gofuni.

Njiani Timazi alikumbuka neno la marehemu mjomba wake, aliyemfundisha kazi. "Ukienda gofuni kuchukua jiwe, ingia kimya kama mwizi. Gofu halibishiwi hodi." Kwa nini? Mjomba hakusema. Alikuwa mtu wa kutoa amri bila maelezo; angefaa sana serikalini.

Bahati mbaya, Timazi alikuwa na mama pia, na mama huyo alikuwa na fimbo. Mtoto aliyeingia nyumba ya watu bila hodi aliijua. Gofu lilikuwa limebaki na mlango, ingawa paa lilianguka zamani. Timazi alifika, mkono ukapanda wenyewe, ukagonga.

"Hodi!"

Akauma ulimi. Akasimama na kusikiliza. Upepo. Kunguru mmoja. Toroli likilia kwa baridi...

"Karibu."

Sauti ya mwanamke. Ya chini, kama ya mtu anayechelea kumwamsha aliyelala.

Akajiambia ni mtu asiye na kwao, amejisitiri humo. Akasukuma mlango. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyasi zilizokakamaa kwa jalidi, na meko ya zamani, meusi, na linta yake nzima, nzuri, haina hata ufa. Palikuwa na harufu pia. Majivu mabichi, na maziwa yaliyochacha.

Mtu mwenye akili timamu angekimbia. Lakini Timazi aliviona akilini vile vidole vya samawati, akatoa nyundo na patasi. Chokaa ya zamani ilikuwa laini kama jibini. Jiwe lilimjia mikononi bila ubishi.

"Unayahamisha meko?" sauti ikauliza, karibu na sikio lake.

Hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Nina mjukuu," alinong'ona. "Mchanga. Anaona baridi."

Sauti ikajibu, polepole:

"Maskini... Nitakuja kumtazama."

Hapo ndipo fimbo ya mama ilipomponza mara ya pili. Maana mtu akikuambia atakuja kumtazama mtoto, mwenye adabu hujibu neno moja tu, nalo hutoka kabla hujafikiri.

"Karibu sana, mama."

*

Nyumbani kwa binti alimkuta dada yake mkubwa, shangazi wa binti, akichemsha maji ya kukandia chokaa kwenye mafiga ya uani, maana ukikanda kwa maji ya baridi siku kama ile, chokaa huganda kabla haijashika, na asubuhi unakuta unga. Shangazi alimtazama usoni.

"We vipi? Umekutana na mkopeshaji?"

Timazi akamweleza, kwa sauti ya chini, binti asisikie. Shangazi akaacha kukoroga.

"Yaani mjomba alikukataza jambo moja. Moja tu! Ukatenda mawili."

"Dada, sasa tufanyeje?"

"Weka jiwe. Mtoto atakufa kwa baridi kabla hajafa kwa mashetani. Na mlangoni leo haitikiwi mtu."

"Na Mkaguzi je?"

Hilo lilikuwa tatizo. Kanuni za mji zilisema moto usiwashwe kwenye meko mapya kabla ya ukaguzi. Kanuni hizohizo zilisema ukaguzi ni wa kutazama moshi unavyotoka. Timazi alikuwa ameuliza moshi utatoka wapi bila moto. Mkaguzi akamjibu kwamba swali ni zuri, aliandike na kulipeleka dirisha la malalamiko, ambalo lilikuwa limefungwa kwa sababu ya baridi. Lakini kwa huruma yake aliahidi kupita jioni hiyo akitoka ofisini.

"Mchungulie dirishani kwanza," alisema Shangazi. "Ukiona anapumua, ndiye. Baridi hii kila kiumbe hai kinatoa moshi mdomoni."

Timazi akaweka jiwe. Lilikaa. Hakulipachika kipande, hakulichonga ukingo. Lilikaa kana kwamba lilipimiwa pale. Pimamaji ikatulia katikati. Katika maisha yake yote ya kazi hakuna jiwe lililowahi kumtii hivyo, na hilo halikumfurahisha.

Mara mlango ukagongwa.

"Hodi!"

Wakatazamana. Timazi akanyata hadi dirishani, akafuta kioo kwa kiwiko. Alikuwa Mkaguzi, na koti lake, na faili lake kwapani, akitoa mvuke kama birika. Moyo ukamshuka mahali pake. Akafungua komeo, akaufungua mlango wazi.

"Karibu, bwana Mkaguzi, karibu!"

Mkaguzi akavua kofia. Lakini hakuingia. Alisogea kando, akainamisha kichwa kwa heshima, akanyoosha mkono kuelekea ndani.

"Tangulia, mama."

Pale kando yake hapakuwa na mtu.

Kitu cha baridi kikapita usawa wa bega la Timazi. Majivu mabichi. Maziwa yaliyochacha. Kioo cha taa kikatikisika, miali ikalala, ikainuka.

"Nini tena?" Mkaguzi aliuliza, akikung'uta viatu. "Tumekutana hapo njiani. Amesema mmemkaribisha. Mama mpole, ila haongei kwa sauti."

*

Moto ukawashwa, kwa idhini. Moshi ukapanda dohani kama uzi. Mkaguzi akagonga muhuri, akasifu kazi, akaaga, na kwa mshangao wa Timazi na Shangazi akageukia kona tupu ya meko, akasema, "Na wewe mama, usiku mwema."

Mtoto alipona. Hilo ni lazima lisemwe. Vidole vilirudi rangi yake, akanyonya kwa nguvu, akalala. Alilala vizuri mno. Binti akaanza kusema nyumba inapendeza, kuni haziishi, na kila akisinzia anasikia kama kuna mtu anamwimbia mwanawe.

"Shangazi, ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu," Shangazi akasema, aliyekuwa hajawahi kuimba tangu azaliwe.

Timazi aliigusa chokaa kwa ncha ya kucha. Ingepaswa kuchukua siku nyingi kukauka, hasa katika baridi. Ilikuwa ngumu kama mfupa.

Shangazi hakukaa bure. Aliuliza huku na huku, akarudi na habari nusu. Zamani, katika nyumba ile ya juu, palikuwa na mama na mtoto mchanga. Ukaja usiku wa barafu, kuni zikaisha. Majirani walipofika asubuhi walimkuta ameketi mbele ya meko yaliyozimika, amempakata mtoto aliyekwisha kuganda. Akaweka kidole mdomoni. Shh. Amelala. Wengine walisema mama alizikwa pamoja na mtoto. Wengine walisema hakuonekana tena. Ofisi ya mji iliandika kwamba nyumba haina wakazi, ikafunga faili.

"Basi hana ubaya," alisema Timazi, zaidi kwa kuomba kuliko kwa kuamini.

"Sijasema ana ubaya. Nimesema ana mtoto anayemtafuta." Shangazi akainuka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata asiyeonekana ana adabu zake. Akiona jembe ataelewa."

Jioni akaliegemeza jembe kando ya meko, akasema kwa sauti, kama anayesema na mtu mzito wa kusikia: "Tumeshukuru kwa wema. Wageni wetu wa siku nyingi hulima."

Usiku ule hapakuwa na wimbo. Harufu ya maziwa ikapotea. Shangazi alijisifu mpaka akalala.

Asubuhi jembe halikuwepo.

Timazi alilikuta nyuma ya nyumba, limelazwa vizuri juu ya theluji. Ardhi ilikuwa imeganda. Siku mbili zilizopita sululu yake mwenyewe ilikuwa imeruka pale kama imepiga chuma. Na kando ya jembe palikuwa na shimo.

Dogo.

Kingo zake zilikuwa zimenyooka. Yeye, mtu wa timazi, hangeweza kuzinyoosha zaidi. Chini palikuwa pametandikwa majivu, laini, yamesawazishwa kwa kiganja, na kwenye upande mmoja yameinuliwa kidogo, kama mto wa kichwa.

Akapiga magoti, akaingiza mkono.

Majivu yalikuwa ya moto.

*

Saa hiyohiyo Shangazi alimchukua binti na mtoto, akawapeleka kwake, safari ambayo kabla ya kupona mtoto asingeihimili. Timazi akazima moto, akaipiga dohani mwega wa magogo isiporomoke, akaanza kulitoa jiwe. Chokaa iliyoshika kwa saa moja ilimkatalia mpaka mchana, ikamvunjia patasi. Alipolitoa, alilipakia torolini, akalifunika kwa gunia.

Jua likiwa linazama alifika gofuni. Safari hii hakubisha. Aliingia kimya kama mwizi, akarudisha jiwe mahali pake, akageuka, akaondoka kinyumenyume. Hakusikia neno. Hata kunguru hakulia.

Alikuwa amekwisha kuushika mlango aliposikia pumzi ikivutwa, kama ya mtu aliyenyimwa salamu.

Hakuaga.

Meko yalipata linta nyingine, ya saruji, mbaya kwa sura, salama kwa roho. Mkaguzi alihitaji ukaguzi mpya, na maelezo kwa maandishi kwa nini kitu kilichopita ukaguzi kimebomolewa. Timazi aliandika "unyevu". Shimo walilifukia. Na toka siku ile katika nyumba ile hapakutamkwa neno "karibu". Mtu akibisha, huchunguliwa dirishani, kisha mlango hufunguliwa kimya, na mgeni huvutwa mkono. Mji ukawaona watu wasio na malezi. Dereva, aliporudi kutoka ng'ambo ya mlima, alidhani mkewe amenuna, lakini akazoea. Hata wageni walionywa: ukiwa humu, neno hilo liache nje pamoja na viatu.

Mwaka ukapita. Mtoto akasimama, akashika ukingo wa meko, akaanza kutafuta maneno. Jioni moja, babu yake akipasha miguu moto na Shangazi akimenya viazi, mtoto aliacha kucheza. Aligeuka kuutazama mlango. Haukuwa umegongwa.

Akatabasamu, kama anayemwona mtu anayemjua.

"Kaibu," akasema.