Siti ya Ngozi Nyeusi

Jioni ile nilikuwa natafuta siti ya baiskeli. Basi.

Nasema hivyo ili mjue kwamba sikutoka nyumbani na nia mbaya. Ulikuwa mwaka themanini na tatu, na maduka ya Katesh yalikuwa na chumvi na viberiti tu. Mimi nilikuwa napaka matrekta grisi kwenye moja ya mashamba ya ngano ya serikali. Kila siku nilitoka Masakta kwa baiskeli, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Siti yangu ilikuwa ya plastiki ngumu, imepasuka katikati, na ule ufa ulikuwa unanibana kama koleo. Nikapata majipu. Nikawa nakanyaga pedeli nimesimama. Kazini nilikula nimesimama, wenzangu wakicheka. Nyumbani mke wangu, Letisia, alinikanda kwa maji ya chumvi, nami nimelala kifudifudi, nimeficha uso kwenye mto.

Halfani, fundi baiskeli, alikuwa anakusanya spana zake nilipofika. Nilimwamkia, maana ni mkubwa kwangu, nikamweleza shida yangu kwa sauti ya chini. Hakucheka. Akatandaza siti tatu juu ya gunia.

Moja ilikuwa nyembamba na ndefu. Hiyo, alisema, ni ya mtu anayeendesha ameinama. Ya pili ilijaa sponji. Nilipoibonyeza nilifurahi, lakini Halfani akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ulaini unadanganya: ukienda mbali unazama, mwisho unakutana na chuma. Akaniambia nikae kwenye ubao, niisikilize ile mifupa miwili ya makalio.

"Siti nzuri inabeba hiyo miwili," alisema. "Nyama haibebi mtu."

Ya tatu ilikuwa chuma kitupu. Pana, ya zamani, ina springi mbili nene nyuma. Ngozi yake ilishaliwa na panya.

"Hii ndiyo yako. Lakini lete ngozi. Nene, iliyokwisha kulainishwa. Ngozi inajifunza umbo la mtu. Ikishakujua, hutasikia maumivu tena."

Nilirudi nyumbani nikiwaza ngozi. Nitapata wapi ngozi ya namna hiyo?

Jumatatu nikaipata.

Hapa lazima niwaambie habari za Mzee Gidahosh. Alikuwa Mbarbaig, mtu mrefu, na boma lake lilikuwa kando ya njia yangu. Kwa miaka mitatu alinisimamisha asubuhi akanipa maziwa kwenye kibuyu. Sharti lake lilikuwa moja: nishuke kwenye baiskeli nimwamkie, si kumrushia salamu huku nikipita. Nilishuka. Alipofariki nilikwenda msibani, nikaona kwa macho yangu jinsi walivyochinja dume jeusi la ng'ombe, wake zake wakaipaka ngozi samli, wakamfunika nayo mzee kuanzia usoni hadi miguuni. Kisha kwa miezi mingi ukoo wake wakamjengea bung'eda, lile kaburi la udongo linaloinuliwa juu kama kichuguu, ambalo Wabarbaig humpa mzee wa heshima.

Miaka miwili baadaye mpaka wa shamba ulisogezwa. Boma likahamishwa. Kaburi halihamishwi.

Jumatatu hiyo trekta la Tadeo lilielekezwa upande ule. Mimi nilikuwa nyuma na ndoo yangu ya grisi. Mjane mkubwa wa mzee alikuwa amesimama mbele ya bung'eda, peke yake, mikono kifuani. Msimamizi alimsogeza pembeni kwa maneno ya upole, tena alimwita mama. Yule mjane hakumtazama msimamizi. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimekula nyumbani kwake. Nikainama, nikajifanya nakaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

Sikumwamkia.

Trekta likapita.

Jua lilipokuwa linazama nyuma ya uwanda, plau ikakwama. Kazi yangu ilikuwa kuondoa vitu vinavyojisokota kwenye sahani zake. Mara nyingi ni nyasi, au waya. Nikaingiza mkono chini. Nikashika kitu laini... kizito... kina mafuta.

Harufu ya samli.

"Nini hiyo?" Tadeo aliuliza kutoka juu ya trekta.

"Gunia," nikasema.

Sikudanganywa na giza. Nilijua ni ngozi ya nani, na nilijua ilifunika nini. Wakati kisu changu kinaikata kutoka kwenye chuma, nilikuwa nawaza zile springi mbili nene. Vipande vingine viliachwa kwenye mifereji. Kile kikubwa nilikiviringisha, nikakifunga kwenye keria.

Halfani hakuniuliza nilikokitoa. Alikinusa, akanitazama kidogo, akasema ni ngozi nzuri. Baada ya siku mbili siti ikawa tayari.

Na ilikuwa starehe. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale. Ilinipokea kama inanijua. Majipu yalikauka. Nilikuwa nafika kazini naimba, na wenzangu wakaniuliza fundi gani kanitengenezea, wakaipapasa kwa wivu.

Wiki moja.

Siku ya nane, alfajiri, nilitoa baiskeli nje. Baridi ya Masakta wakati wa Julai inauma hadi kwenye kucha. Usukani ulikuwa umelowa umande, vidole vikafa ganzi. Nikapanda, nikakaa.

Siti ilikuwa ya moto.

Haikuwa joto la jua, maana jua lilikuwa bado. Lilikuwa joto la mtu. Joto la mtu aliyeinuka sasa hivi ili wewe ukae.

Nikajiambia ni mwili wangu mwenyewe. Nikaenda kazini. Jioni, narudi, nikafika pale penye shamba jipya, ambapo sasa palikuwa tambarare kabisa, hapana tofauti na pengine. Njia pale haina mlima. Lakini baiskeli ikawa nzito. Cheni ikaanza kulia. Krii... krii... Nikafikiri tairi limeisha upepo. Nikasimama juu ya pedeli, kama nilivyozoea zamani, ili nikanyage kwa nguvu.

Springi hazikuinuka.

Mimi nilikuwa juu, hewani, sijaigusa siti. Lakini chini yangu springi zilibaki zimebonyea hadi mwisho, zinalia polepole, kama mtu anajiweka vizuri.

Kisha sauti. Karibu na sikio. Ya chini, ya taratibu, ambayo naijua.

"Marahaba."

Lakini mimi sikuwa nimeamkia mtu.

Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Letisia aliniuliza mbona natetemeka, nikasema malaria. Siku iliyofuata nilipita njia nyingine, ya mbali zaidi. Ikawa vilevile. Asubuhi joto, jioni uzito na harufu ya samli. Na bado sikuitoa ile siti. Nilikuwa nimekwisha kuonja kukaa bila maumivu, na kila jioni nilijiambia kesho, kesho nitaitoa.

Jumamosi nilikwenda kumchukua Letisia kwa mama yake. Mtoto wetu Zita tulimwacha kule kwa bibi. Jua lilikuwa limebaki wekundu tu juu ya Mlima Hanang. Letisia akakaa kwenye keria upandeupande, akanishika kiunoni kwa mikono yote miwili, tukaondoka. Alikuwa ananisimulia habari za ndugu zake. Mara akanyamaza katikati ya neno.

"Baba Zita," akaniita.

"Naam."

"Umevaa nini?"

Nikamwambia ni shati, lile la bluu.

Nikasikia pumzi yake imekuwa fupi. Kisha akanong'ona, polepole sana, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Nimemshika nani?"

Nikafunga breki. Nikaruka chini, baiskeli nimeishika usukani, nikageuka. Letisia alikuwa bado amekaa kwenye keria, amefumba macho. Mikono yake ilikuwa bado imekumbatia mbele yake, juu ya siti. Hapakuwa na kitu pale. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Lakini mikono yake haikukutana. Ilikuwa imezunguka unene wa mtu.

"Achia," nikamwambia.

"Ni ngozi," alisema. "Ni baridi. Na ndani yake hakuna anayepumua."

"Letisia. Achia."

Akaachia. Siti ikapanda juu yenyewe, kidogo tu, kwa mlio mmoja wa springi.

Tulitembea kwa miguu hadi nyumbani, yeye upande mmoja wa njia, mimi upande wa pili na baiskeli. Nyumbani alitaka kujua. Nami, badala ya kumwambia ukweli mke wangu ambaye alikuwa amekumbatia maiti kwa sababu yangu, nilisema kuna mtu kazini kanifanyia uchawi. Akauliza nani. Nikanyamaza kwa namna ya kumwacha akisie mwenyewe. Akamshuku Tadeo. Nikaacha amshuku. Jumapili kanisani alimpita mke wa Tadeo bila kumpa mkono, na yule mama akabaki na mkono wake hewani, hajui kosa lake. Mimi nilikuwa nyuma yao. Niliona.

Nafikiri ni mkono ule ndio ulionisukuma. Mchana huohuo nilifungua nati, nikaitoa siti, nikaifunika kwa koti, nikaenda kwa miguu hadi boma jipya la familia ya mzee, ng'ambo ya kilima. Nilifika jua linaelekea kuzama. Yule mjane alikuwa anamwaga maji ya ndama. Nikapiga magoti kwenye samadi.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama kwa muda mrefu, hadi miguu ikaniuma. Nikafunua koti.

Hakulia. Hakuita wanaume, ingawa walikuwapo na fimbo zao, na wangenifanya chochote. Alichukua kisu kidogo, akakaa chini, akaanza kukata nyuzi za Halfani, mmojammoja. Ngozi ikatoka kwenye chuma, ikakaa mapajani mwake, bado ina umbo la makalio yangu. Akalipapasa lile bonde kwa kiganja.

"Ilikuwa starehe?" aliuliza.

Nilitaka kusema uongo. Sikuweza.

"Ndiyo, mama."

"Hata yeye alikuwa amestarehe."

Akaingia ndani, akatoka na kifurushi. Vilikuwa vile vipande vilivyoachwa kwenye mifereji. Kumbe walikuwa wanakwenda kuviokota jioni matrekta yakisharudi. Akavitandaza chini kimoja kimoja, akiviunga, na kile changu akakiweka katikati. Nikaona ngozi inapata umbo. Miguu. Tumbo. Mabega. Akasimama, akaipima kwa macho toka chini hadi juu. Juu palikuwa na nafasi tupu, kama upana wa mikono miwili.

"Upande wa uso haupo," alisema.

Nikamwambia nitautafuta. Akasema niende. Marahaba hakunipa, na sikustahili.

Nilimwendea Halfani, naye alikumbuka vizuri. Kipande kilichobaki kwenye ngozi niliyomletea, alisema, alikitumia kuvika siti ya mtu mwingine, msafiri aliyekuwa anakwenda hospitali ya Haydom kumwona mgonjwa wake. Hakumjua jina. Alijua tu kwamba alilalamika siti inamuumiza, na alipokalia ile mpya alishukuru sana.

Nilikwenda Haydom. Nilikwenda mara nyingi, miezi na miezi. Pale wagonjwa wanaposhuka kwenye mabasi, na ndugu zao wanapoegemeza baiskeli, nilipita nikigusa siti, moja baada ya nyingine, nikinusa vidole vyangu. Mara ya mwisho wenye baiskeli walinikamata. Walisema mimi ni mwizi. Wakaniuliza nataka nini kwenye siti za watu. Nikakubali kwamba mimi ni mwizi. Wakanipiga makofi, wakaniachia.

Mengi ya mashamba yale ya ngano sasa hayapo. Mjane wa mzee naye hayupo. Mimi natembea kwa miguu tu, na magoti yamezeeka. Ila watu wanaotoka Maretadu, kwenye njia ya Haydom, jioni kwa baiskeli husimulia jambo. Wanasema kuna mzee mmoja mrefu husimama njiani wakati wa magharibi. Ananyoosha mkono mmoja kuwasimamisha. Wakisimama, hasemi neno. Anainama, anapapasa siti, kisha anawaruhusu waende. Muda wote huo, wanasema, mkono wake mwingine ameuweka usoni, vidole vimebanana, kama mtu anayejistiri.

Waliposimulia haya nyumbani kwangu mwezi uliopita, mmoja wao akanigeukia. Akasema, wewe Mzee Nicodemo umepita njia hizi maisha yako yote, hujawahi kumwona?

Letisia alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ikasimama. Akainua macho, akanitazama, akasubiri.

Nikasema hapana.