Sekunde Tisa za Giza Mlangoni

Kengele ya mlango ililia tena jioni ile, Chiung-wen akiwa amesimama jikoni anakula tambi kwenye sufuria ileile aliyopikia. Skrini iliyo kando ya mlango ikaanza kuamka kwa uvivu wake wa siku zote: giza, giza, halafu picha. Korido tupu. Kilichobaki ni harufu ya tangawizi na mafuta ya ufuta iliyopenya chini ya mlango.

Mtu mwingine angewalaani waliokitengeneza kifaa kile, lakini mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe. Kampuni yao ndogo pale Hsinchu, mji wa Taiwan, iliuza kengele za kamera, na wateja walikuwa wamechoka. Mgeni akibonyeza, kifaa kilichukua sekunde tisa kuwaka, na mgeni ameshakata tamaa akaenda zake.

Ugonjwa ulikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Programu iliisubiri iamke, ikaikagua mwanzo hadi mwisho, ndipo ikaikumbuka kamera. Chiung-wen akapindua mpango: kisomwe kwanza kile kipande cha programu kinachoendesha kamera tu, picha itoke, ukaguzi ufuate. Sekunde tisa zikawa moja.

"Mdogo wangu, wewe mchawi!" alisema Kaka Liang, mwenzake wa meza ya jirani, huku akiweka pakiti ya kijani ya vitafunwa juu ya mtambo wa majaribio, kama wafanyavyo mafundi wa pale wakiamini kwamba mashine itakuwa na adabu. "Kakijaribu kwako. Si huna wageni? Hakitakusumbua."

Alicheka naye, lakini neno lile lilimuuma. Tangu atoke kwao Taitung, hakuna mtu aliyekanyaga nyumbani kwake. Kengele ya kila jioni aliihesabu kuwa ni hitilafu.

Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya kale, ambao mizimu yenye njaa huaminika kurudi duniani, na mtaa mzima ulinuka udi. Kengele ikalia. Safari hii, kwa programu mpya aliyokwisha kuiweka, picha ikatoka papo hapo.

Mbele ya kamera alisimama kikongwe ameshika bakuli kwa mikono miwili.

Alikuwa Ama Kho, yaani Bibi Kho, wa mlango unaotazamana na wake, yuleyule aliyefia ndani peke yake mwezi wa nne, asijulikane mpaka majirani walipoanza kuziba pua, na Chiung-wen mwenyewe alikuwa ameziba pua, akapita, akawahi kazini. Na sasa yule bibi alikuwa akiisogelea kamera, taratibu, mpaka jicho moja likajaa skrini, na sauti yake ikatoka kwenye spika, nyembamba, ya upole, ikiuliza kile ambacho wazee wa pale humsalimia nacho kila mtu.

"Umeshakula?"

Bibi akasubiri kidogo, akageuka na bakuli lake, akaondoka. Korido ikabaki tupu, kama alivyozoea kuiona kila jioni.

Hapo ndipo alipoelewa. Kengele ile ilikuwa ikilia tangu mwaka jana, Ama Kho akiwa hai. Alikuwa anakuja na bakuli, anasubiri gizani, anarudi kwake.

Kesho yake Kaka Liang, baada ya kusimuliwa, alimleta Bwana Iap, mganga wa hekalu la mtaani. Mzee alichoma karatasi za sadaka kwa wafu kwenye korido, akabandika hirizi ya karatasi ya njano mlangoni.

"Sikiliza, mwanangu," alinong'ona. "Akikuuliza umekula, nyamaza. Ukimjibu, umemkaribisha."

"Lakini alikuwa mtu mwema, Mzee."

"Alikuwa. Sasa ana njaa."

Kengele ikanyamaza kabisa. Chiung-wen alishukuru, akalala vizuri, na Kaka Liang akamtania kwamba sasa amenawiri. Kisha jioni zikaanza kuwa ndefu. Alikula amesimama, macho kwenye skrini, akagundua kwamba anatega sikio. Akapiga simu kwao Taitung, haikupokelewa. Tambi zikapoa sufuriani.

Jioni moja alitoka, akaibandua hirizi, akaikunja vizuri akaitia mfukoni. Akarudi ndani, akaweka mabakuli mawili mezani, kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale, akakaa akiutazama mlango.

Kengele ikalia. Skrini ikawaka mara moja, haikukawia hata kidogo, na Chiung-wen akaiinukia, akaangalia kushoto na kulia mwa picha ile safi aliyoihangaikia mwenyewe, akitafuta bakuli, akitafuta mgongo uliopinda, asione ila taa ya korido na mlango wa upande wa pili, huku harufu ya tangawizi ikizidi kuwa nzito, na safari hii haikuwa inatoka chini ya mlango.

Nyuma yake kiti kikavutwa.

"Umeshakula?"

Hakugeuka. Alijua vizuri alichoambiwa na mganga, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Bado, Ama," akasema.