Ukurasa wa Sitini na Tatu

"Dada, mdalasini wangu umeufunga na nini?"

"Na karatasi, kaka. Ulitaka hariri?"

Asubuhi hiyo Soko Kuu la Morogoro lilikuwa limefurika watu, na upande mzima wa viungo ulinukia karafuu na pilipili manga. Hafidhi alikuwa amesimama katikati ya njia, kifurushi mkononi, watu wanampiga vikumbo.

"Hiki ni kitabu!"

"Kilikuwa kitabu. Nakala zilizokatwa vibaya kiwandani, tunauziwa za kufungia."

"Ni kitabu changu! Nimekiandika kwa miaka kumi na minane!"

Mwaisha, muuza viungo, akaitazama karatasi, kisha akamtazama mwenyewe: shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, viatu vimejaa udongo mwekundu wa mlimani. Akacheka mpaka ushungi wake wa zambarau ukamteleza mabegani.

"Jamani, pole! Kumbe nimekufungia mdalasini kwa jasho lako mwenyewe."

Hapo ndipo Mwalimu Hafidhi alipopotea, na mimi simlaumu. Kicheko kile kingempoteza hata kadhi.

Hafidhi alifundisha historia shule ya sekondari, lakini mjini walimjua kwa jambo jingine. Tangu ujana wake, kila Jumamosi alipanda milima ya Uluguru kuwauliza wazee habari za koo zao, akazikusanya kitabuni. Sasa watu wakibishana juu ya shamba au ndoa, hawaulizani tena. Wanasema tu, fungua kitabu cha Mwalimu.

Tangu siku ile akawa mnunuzi wa mdalasini kila siku, mpaka jikoni kwake kukawa kama duka. Kisha zikaanza simu.

"Halo, Mwalimu. Leo huna wanafunzi?"

"Wapo, wanafanya mtihani. Na mimi nafanya wangu."

"Somo gani?"

"Wewe."

"Utafeli, baba. Mimi sina majibu nyuma ya kitabu."

Jioni walitembea taratibu chini ya mlima, wingu likishuka mpaka likawalowesha nyusi, na Mwaisha akisimulia kana kwamba anaota. Alizaliwa Kinole, huko mlimani. Mama yake alifariki siku aliyomzaa, akalelewa na bibi, mama wa mama. Alipofika miaka sita, baba yake akamhamishia Dar es Salaam, na bibi akafariki kabla hawajaonana tena. Baba naye alipofariki, akaja kukaa kwa Shangazi Maimuna, hapo mjini, Mwembesongo.

"Upande wa mama simjui hata mtu mmoja," alisema. "Siku ya kuolewa sijui nani atasimama aseme huyu ni wetu."

"Mimi nitasimama."

"Wewe ndiye muoaji, mjinga wewe!" Akamfinya mkono, wakacheka, lakini macho yake yalikuwa na machozi.

Wakakubaliana Hafidhi alete posa. Mwaisha, kwa fahari, akanunua kitabu kizima, kizuri, asome alichokiandika mpenzi wake. Akafika ukurasa wa sitini na tatu.

Simu ilimkuta Hafidhi darasani.

"Ulijua?"

"Nilijua nini, mpenzi?"

"Bi Mwamvita Kibwana wa Kinole, ukoo wa Wamsindo. Huyo ndiye bibi yangu. Na wewe mwenyewe ukoo gani?"

Chaki ikamdondoka. Yeye alikuwa Mmsindo. Mluguru hufuata ukoo wa mama, na wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani.

"Mwaisha, wallahi sikujua kama ni bibi yako. Hujawahi kunitajia jina."

"Mimi na wewe ni kaka na dada, Hafidhi! Umeandika kwa mkono wako. Usinipigie tena."

Shangazi Maimuna aliusoma ukurasa ule, akakifunga kitabu. "Kitabu kimesema, mwanangu. Sisi watu wa upande wa baba yako tutasema nini?"

Wiki mbili Hafidhi hakula vizuri. Siku moja akatoa kaseti ya zamani aliyomrekodi Bi Mwamvita, si kwa sababu ana tumaini lolote, alitaka tu kusikia sauti iliyomlea Mwaisha. Akasikia alivyouliza: "Bibi, wewe ni wa nani?" Na bibi akajibu: "Mie wa Wamsindo." Kisha mvua ikapiga bati, maneno yakazama. Akavaa spika za masikioni, akairudisha mara ya pili, ya tano, ya saba. Chini ya mvua ile bibi alikuwa bado anaongea.

Mbio mpaka sokoni.

"Mwaisha, nilikosea! Alinitajia ukoo wa baba yake. Ukoo wake mwenyewe, wa mama, ni mwingine. Sikiliza!"

Mwaisha hata hakuinua macho kutoka kwenye mizani. "Ukinisikilizisha mimi peke yangu, kesho sokoni nitaitwa mke wa kaka yake. Ulikosea mbele ya watu wote. Kasahihishe mbele ya watu wote."

"Watacheka. Hawatakiamini tena kitabu chote."

"Basi chagua."

Jumamosi ilikuwa siku ya kuzindua toleo la pili, ukumbini Mazimbu. Hafidhi alipanda jukwaani, suti ya kijivu, redio ya kaseti mkononi. Nyuma kabisa alimwona Mwaisha, gauni la kijani, kajifunika kanga mpaka kidevuni.

"Ndugu zangu, ukurasa wa sitini na tatu una kosa. Kosa ni langu. Bi Mwamvita Kibwana hakuwa Mmsindo."

Mzee mmoja wa mstari wa mbele, kofia nyekundu, akadakia: "Mwalimu, tumesikia una mchumba wa ukoo wako. Sasa unauhamisha ukoo?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hafidhi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaisogeza redio kwenye kipaza sauti. Akabonyeza kitufe.

Mvua ikajaa ukumbini. Ndani yake sauti nyembamba, ya furaha: "...huko kwa Wamsindo ni kwa baba yangu. Mama yangu alikuwa wa ukoo wa Wakibwe, wa Mgeta, na mie Mkibwe. Nilivuka mlima kuja kuolewa huku. We kijana, mbona umefunga daftari? Sijamaliza!" Kisha akacheka.

Kilikuwa kicheko kilekile cha Mwaisha. Kila aliyewahi kununua viungo kwake alikitambua, vichwa vikageuka nyuma. Mwaisha alikuwa analia bila kujificha.

Yule mzee akasimama polepole, kofia mkononi.

"Mimi naitwa Maneno, Mkibwe wa Mgeta. Mama yangu alikuwa na dada, Mwamvita, aliyevuka mlima kuolewa. Alikufa akimtaja." Akamfuata Mwaisha mpaka nyuma. "Binti, bibi yako na mama yangu ni tumbo moja. Mimi ni mjomba wako."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Hafidhi naye alishafika, kamshika Mwaisha mkono. Mzee akamkazia macho.

"Mwalimu, mwachie. Hujaniomba bado."

Mwaisha akacheka huku anafuta machozi, akautoa mkono wake kwa upole.

"Umesikia? Leta wazee wako wiki ijayo, Hafidhi. Mgeta, kwa Mzee Maneno."

"Twende wote kesho basi, mpenzi, kwa gari moja."

"Hapana. Mimi natangulia na mjomba," alisema. "Nataka mkija mnikute nyumbani."