Nadhiri ya Nywele

"Nyoa zote."

Mashine ilikuwa ikinguruma mkononi mwa Pacha, lakini haikusogea. Ndani ya saluni walikuwa wawili tu, na kioo kikubwa kilichowatazama kama jirani mmbeya.

"Wateja wanakuita Nywele, mwenzangu. Ukishanyoa tukuiteje? Kipara?"

"Niiteni mnavyotaka. Nilimwambia Mungu, Fundi akitoka salama kwenye upasuaji, nitamtolea nywele zangu zote. Fundi karudi salama. Sasa nimwambie Mungu nini, kwamba nilikuwa natania?"

"Mungu anaangalia moyo, dada. Punguza ncha tu. Harusi iko mlangoni."

"Nadhiri siyo nyanya za sokoni, eti niombe nipunguziwe. Nyoa."

Pacha hakuwa pacha wake wa kuzaliwa. Walijifunza ususi pamoja, wakafungua saluni pamoja, wakashona sare mpaka watu wakachoka kuuliza kama ni ndugu. Ila siku Fundi alipopiga simu, Pacha hakuwapo. Alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumuuguza mama yake. Fundi, mchumba wa Nywele, ni fundi umeme anayefuata kazi hadi miji ya mbali, na siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu wa kuzikwa kesho.

"Nimelazwa, mpenzi. Wananipasua utumbo. Usije, wodi hii hawaruhusu wageni. We niombee tu."

Nywele akaomba. Alifunga, akalala sakafuni, akamwahidi Mungu kitu pekee alichokuwa akijivunia, nywele zilizomfika mgongoni, zilizokuwa tangazo la biashara kuliko bango la mlangoni.

Sasa zilikuwa zinaanguka, na aliyekuwa analia ni Pacha.

"Mimi nanyolewa, wewe unalia?"

"Vumbi la nywele limeniingia."

Nywele akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

Mchana akaenda kwa Fundi. Alimkuta chumbani kafungua pasi ya jirani, waya zimetapakaa mezani. Fundi alipoinua macho, bisibisi ikamponyoka.

"Umefanya nini?"

"Nimemshukuru Mungu kwa ajili yako. Jumapili natoa ushuhuda, na wewe utasimama pembeni yangu."

"Kwa kichwa hicho? Picha za harusi je? Mama ataniuliza nimeleta mke au kuruta."

"Zitaota."

"Zitaota lini, bibi? Hawa wanawake bwana. Si nilimwambia akuzuie..."

Akafunga mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Nadhiri hii nilimweleza Pacha peke yake, jana tukifunga saluni. Wewe sikukwambia."

"Tulikutana tu njiani, akanidokeza."

"Inua shati."

"Nini?"

"Nataka kuuona mshono nilioutolea nywele."

"Kidonda bado kibichi. Daktari kasema kisipigwe upepo."

"Upepo wa wapi? Dirisha limefungwa."

Fundi alicheka peke yake, kisha akaacha. Nywele akalishika shati lake na kulipandisha. Tumbo lilikuwa laini kama la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mshono hakuna, hata mkwaruzo wa kusingizia hakuna.

Simu ya Fundi, iliyokuwa juu ya meza, ikatetemeka. Juu paliandikwa Fundi Bomba, na chini yake ujumbe: "Kashafika kwako? Usimwambie kitu. Roho inaniuma."

"Fundi bomba anaumwa roho," Nywele alisema. "Ngoja nimpe pole."

"Rudisha simu yangu."

Nywele alishapiga.

"Haloo, mpenzi, kaondoka?" Sauti ilikuwa ya Pacha.

"Bado nipo, Pacha. Mama hajambo?"

Upande wa pili mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Nakuuliza, mama yako alishapona?"

"Hakuwa anaumwa," Pacha alisema taratibu. "Tulikuwa gesti, mji uleule aliokwenda kufanya kazi. Nilitaka kukwambia, Nywele. Alisema atakwambia mwenyewe."

"Asubuhi ulikuwa na kichwa changu chote mikononi mwako. Sikio lilikuwa hapohapo."

Akakata. Fundi alikuwa amekwisha kupiga magoti, kashika upindo wa gauni lake.

"Shetani tu, mpenzi. Tuyamalize humu ndani. Jumapili sema nimepona, basi."

"Niachie gauni."

Jumapili Fundi alikaa benchi la mbele na mama yake, akiamini mwanamke aliyenyolewa kipara na kusalitiwa hatathubutu kutoka nje. Mchungaji alipoita wenye ushuhuda, Nywele akatokea nyuma, bila kilemba wala wigi, kichwa kinang'aa chini ya taa.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Nilimwahidi Mungu nywele zangu kama mchumba wangu angetoka salama kwenye upasuaji. Ametoka salama kabisa, maana hakupasuliwa. Nikiwa sakafuni namwombea, alikuwa gesti na mwenzangu wa saluni, ambaye ndiye aliyeninyoa."

Pacha, aliyekuwa upande wa kwaya, akainamisha kichwa kwenye kitabu cha nyimbo.

"Mtasema nimenyoa bure. Sikumnyolea Fundi. Aliyenidanganya ni yeye, Mungu hakunidanganya, na mimi sitamdanganya Mungu. Nilichomwahidi nimempa, na simdai. Namshukuru nimejua kabla sijavishwa pete."

"Amina," alisema bibi mmoja wa nyuma, peke yake, kwa nguvu.

Nje, mama yake Fundi alimsubiri langoni. Fundi alijificha nyuma ya bega la mama, na shangazi yake Nywele alisimama kando, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Sitaki shikamoo yako. Umemvua nguo mwanangu mbele ya watu."

"Alijivua mwenyewe, mama. Mimi nimetaja mahali tu."

"Ungeniambia faragha," Fundi alisema.

"Faragha ulikuwa nayo wewe. Ilikutosha?"

"Madhabahu siyo mahali pa kuchambana," mama akasema. "Utarudi ndani sasa hivi, ulisimamishe kanisa, uwaombe radhi wote. Uanze na mwanangu."

Shangazi akamvuta Nywele mkono. "Omba tu, mwanangu, yaishe. Neno moja. Huenda hata ndoa ikasimama."

"Haitasimama, shangazi, wala sitaki isimame. Niliyoyasema mbele za Mungu ni kweli tupu. Siwezi kumshukuru asubuhi kwa ukweli, halafu mchana niuombee radhi."

"Kwa hiyo unatugomea?" mama aliuliza. "Mbele ya shangazi yako?"

"Nagoma, mama."

"Huombi radhi?"

"Siombi."