Futi Iliyotundikwa Nje

Karakana ya Nathanaeli ilikuwa Kimandolu, nyuma ya nyumba aliyoishi na mkewe Magreth. Kila asubuhi alikunywa chai, akafungua kufuli, akaanza kupiga randa mpaka nyusi zikajaa vumbi la mbao. Alitengeneza vitanda, meza, milango na majeneza. Majeneza hayana msimu, na mwenye msiba hana muda wa kuzunguka mjini.

Alikuwa na futi mbili za kupimia, za mbao, za kukunja. Vipande vya futi hizo hufunguliwa kimoja baada ya kingine mpaka zinatimia mita mbili. Futi nzuri ilikaa ndani, kwenye mfuko wa aproni yake. Hiyo ilikuwa ya kazi za walio hai. Ya pili ilitundikwa nje, kwenye msumari chini ya ukingo wa bati. Hiyo ilikuwa ya wafu.

Fundi aliyemfundisha kazi alimwonya zamani. Alisema futi iliyompima maiti isipime kitanda, maana atakayelala hapo hatakuwa na siku nyingi. Nathanaeli hakukosa kanisani Jumapili, na ukimuuliza, angekuambia haamini mambo hayo. Lakini futi ya wafu hakuiingiza ndani hata siku moja. Jua liliipiga, mvua ikainyeshea. Viungo vyake vikaota kutu na kulegea. Siku moja ilianguka ikavunjika kipande cha mwisho. Nathanaeli akaiunga kwa kibati na misumari midogo. Ncha mbili za ubao hazikugusana, palibaki pengo.

Magreth aliliona pengo hilo, akamshauri anunue nyingine.

"Hiyo ni ya majeneza tu," Nathanaeli alimjibu. "Maiti halalamiki."

Mdomo huponza kichwa. Nathanaeli alikuja kulikumbuka neno hilo.

Mwezi wa saba mjomba wake Abdiel alifariki. Abdiel alikuwa ndugu wa mama yake Nathanaeli, na ukoo wao ni wa watu warefu. Mzee yule aliinama kila alipoingia nyumbani kwake mwenyewe. Nathanaeli hakungoja kuambiwa. Alichukua futi ya nje, akaenda mochwari, akampima mjomba wake. Akarudi karakana akakata mbao kwa futi ya ndani. Akaongeza upana wa vidole vitatu, kama alivyozoea. Jeneza lilitoka zuri, linang'aa vanishi, na msalaba juu ya kifuniko.

Siku ya mazishi, kule mochwari, ndugu walimwinua Abdiel wamlaze ndani. Hakuenea. Walimsogeza juu, kichwa kikagota ubao. Walimsogeza chini, visigino vikabaki juu ya ukingo. Nje gari lilikuwa linangoja. Huko Akeri mlimani, kwao Abdiel, mchungaji na kwaya walikuwa wameshafika, na kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na migomba. Kutengeneza jeneza jingine kusingewezekana siku ile.

Basi wanaume wawili walimkunja magoti kwa nguvu. Mwili ulikuwa umekakamaa. Nathanaeli alisimama pale akasikia goti la mjomba wake likilia.

Nyumbani, wakati wa kuaga, kila aliyepita aliona jinsi magoti yalivyoinua shuka. Watu waliangalia pembeni. Eunike, mjane wa Abdiel, hakuangalia pembeni. Alimtazama Nathanaeli.

"Mume wangu alikuwa mrefu," alisema. "Kila mtu alijua kwamba alikuwa mrefu."

Hakumpa mkono.

Mama yake Nathanaeli, Tabitha, alikuwa amebebwa kwenye kiti ili amzike kaka yake. Naye alikuwa mgonjwa. Uvimbe wa tumboni ulikuwa umemkausha mwili, na daktari alikuwa amewaambia wamrudishe nyumbani, hakuna dawa tena. Baada ya mazishi Nathanaeli alimletea bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, chakula alichokipenda tangu usichana. Tabitha alilisukuma bakuli.

"Nimeona magoti ya kaka yangu," alisema polepole. "Mimi nikifa, mkaninunulie jeneza mjini. Sitaki la mikono yako."

Nathanaeli alirudi Kimandolu na maneno hayo kifuani. Hakuweza kula. Mama alikuwa na miezi michache tu, labda wiki. Je, angekufa hivyo, akiikataa mikono ya mwanawe? Jambo hilo lilimuuma kuliko aibu yenyewe.

Karakana ilibaki imefungwa. Mwishowe Magreth aliitungua ile futi ya nje, akamwekea mumewe mapajani. Akamwambia aache kukaa na majuto, aende Kaloleni kwa Mama Zuleha, akaulize kosa liko wapi.

Mama Zuleha aliuza vifaa vya ufundi. Marehemu mumewe, Hatibu, alikuwa fundi wa milango na madirisha, na mama huyo alifanya kazi naye bega kwa bega mpaka alipofariki. Nathanaeli alimwamkia shikamoo, akapewa kigoda, akaeleza yote bila kuficha. Mama Zuleha alimpa pole. Kisha alilaza futi ile mezani, akalaza futi mpya ubavuni mwake, ncha kwa ncha.

Mwanzoni namba zilielekea kulingana. Kila walipovuka kiungo, ziliachana kidogo. Walipovuka kile kibati, tofauti ilikuwa upana wa kiganja kizima.

"Umeona?" Mama Zuleha alisema. "Kiungo kikilegea, kinavutika. Kimoja hakikusumbui. Vikiwa vingi, ni hasara. Halafu hapa ulipounga umeongeza urefu usio na namba. Mzee alikuwa mrefu kuliko ulivyosoma."

"Lakini nimewapimia watu wengi kwa futi hii, mama. Mbona wote walienea?"

"Walikuwa wafupi, hawakufika kwenye kibati chako. Ule upana wa vidole unaoongeza uliwafichia kosa. Kwa mjomba wako haukutosha."

Nathanaeli aliinamisha kichwa. Mama Zuleha hakumhurumia sana, akaendelea. Alisema kosa la pili lilikuwa kupima kwa futi moja na kukata mbao kwa nyingine. Futi mbili zaweza kutofautiana hata zikiwa mpya. Kazi moja ifanywe kwa futi moja, toka mwanzo mpaka mwisho.

Nathanaeli aliuliza kama sasa anunue futi ya chuma, ile ya kuvuta. Mama Zuleha alisema hiyo nayo ina kazi yake, hasa kwenye mbao ndefu. Lakini ukiivusha mahali penye uwazi bila kuishikiza, yaweza kupinda, na ile ndoana ya mwanzo nayo ikichakaa inadanganya. Futi ya mbao iliyo nzima inasimama yenyewe. Unaiingiza ndani ya kabati, unailaza kando ya mtu au juu ya uwazi, nayo inabaki imenyooka.

Akamfundisha kuichagua. Mti wake uwe mgumu na usiopinda. Ncha ziwe na vifuniko vya chuma ili zisilike. Namba zisomeke bila kukodoa macho. Ukiifungua, kila kiungo kikaze na kusikika kimefika mahali pake. Ukiishika ncha moja ukaitikisa, isining'inie kama mkia. Ukishainunua, usiiache juani wala mvuani. Viungo vipate tone la mafuta mara moja moja. Usiifungue kwa kuipinda upande, maana hapo ndipo inapovunjika. Na ikivunjika, usiiunge.

"Nipe mbili," Nathanaeli alisema.

"Mbili za nini?"

Akamweleza kuhusu ya walio hai na ya wafu. 

"Sisi tunazika kwa sanda," Mama Zuleha alisema. "Na sanda hupimwa. Hatibu tulimpimia sanda kwa futi yake mwenyewe, ileile aliyopimia madirisha. Mpaka leo ninaitumia, na niko hai. Wewe uliwawekea wazima futi nzuri, wafu ukawapa mbovu. Hiyo si mila, mwanangu. Huko ni kulipua kazi."

Nathanaeli alinunua moja. Jioni alivunjavunja ile ya zamani, akaitia jikoni, Magreth akachemshia chai.

Jumamosi alipanda Akeri. Alimkuta mama yake amelala kwenye kitanda kifupi, miguu imepita ukingo na kuegeshwa juu ya stuli. Kilikuwa hivyo miaka yote, na mwanawe fundi hakuwahi kukiona. Nathanaeli aliona haya. Alitoa futi, akaanza kupima apate kutengeneza kitanda kingine.

"Hiyo ni futi ya nani?" Tabitha aliuliza. "Ya wazima au ya wafu?"

"Sasa ninayo moja tu, mama. Ya watu wote."

Akamsimulia kila kitu, pamoja na lile neno kwamba maiti halalamiki. Machozi yalimtoka. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho.

Kitanda kipya kililetwa. Kwa mara ya kwanza Tabitha alinyoosha miguu yake yote juu ya godoro. Alilala hivyo wiki nzima. Jumapili Nathanaeli alipokuja, mama alimwita karibu.

"Nipime," alisema.

"Mama, usiseme hivyo."

"Nipime nikiwa hai. Nataka nione mwenyewe."

Nathanaeli alijikaza. Alilaza futi kando ya mama yake, toka utosini mpaka kisiginoni. Akaigeuza, akapima tena kuanzia miguuni. Namba ilikuwa ileile.

"Nisomee," mama alisema. Akamsomea. "Haya. Ongeza nafasi ya kutosha, nipate pa kuchezesha vidole."

Tabitha alifariki kabla ya mvua za vuli. Nathanaeli alikata mbao zote kwa futi ileile iliyopima kitanda. Ndugu walipomlaza mama yao, hakuna aliyetumia nguvu. Alilala amenyooka. Miguuni palibaki nafasi ndogo, na Nathanaeli akalia mbele za watu bila kujificha.

Wakati wa kuaga, Eunike alisimama muda mrefu upande wa miguu. Alitazama shuka lililotulia, akalishika pindo, akalinyoosha. Baada ya maziko alimfuata Nathanaeli penye migomba, watu walipokuwa wakinawa mikono. Akampa mkono.

"Kitanda changu kimechoka," alimwambia. "Njoo Jumatatu unipimie kingine. Njoo na futi hiyohiyo."