Uji Kabla ya Kwenda Nyumbani

Marehemu Berting, muuza shabu, dawa ya kulevya ya kuvuta, wa mtaa wa Tondo, alikutwa saa moja asubuhi kichochoroni, kalala chali, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa mtaro. Alizungukwa na utajiri wake: pasi mbili, feni, sufuria yenye ukoko wa wali, na jogoo aliyefungwa mguu, shahidi pekee, ambaye alikataa kuhojiwa. Kwa Berting hukuhitaji pesa. Ulileta kitu, ukapewa kipakiti.

Inspekta Lacsamana aliukagua mwili. "Kama saa mbili zimepita," alisema, akavuka kwa Mama Charing, muuza uji.

"Nani alikuja mapema?"

"Pidiong, yule wa baiskeli ya abiria. Kakumbatia kitu ndani ya shati. Uji wenyewe kaukoroga tu, kama mgonjwa!"

"Alifuata nini, basi?"

"Si alisema katoka msibani, mwanangu! Utatokaje kwa maiti uende nyumbani moja kwa moja? Mzimu si utakufuata?"

"Msiba wa nani?"

Upawa ulisimama hewani. "Mbona… mtaani hakuna msiba."

"Sasa upo," alisema Inspekta.

Mlango wa Pidiong ulikuwa wazi. Bintiye wa miaka minne alikuwa mapajani mwake, barakoa ya plastiki usoni, mashine ya mvuke wa dawa ikinguruma.

"Pidiong, ulitoka kwa maiti gani?"

Hakuinua macho. "Mashine ni ya mtoto, afande. Ana pumu. Juzi nilimpelekea Berting, nikavuta kipakiti changu huku mtoto anakohoa nyuma ya pazia."

"Na leo?"

"Alibanwa pumzi. Nikapeleka jogoo, tubadilishane. Berting akacheka: 'Mfundishe kuvuta kama baba yake.' Nikamsukuma."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya pili alikuwa anajaribu kuinuka." Aliikaza barakoa ya mtoto. "Halafu nikasimama kwa muuza uji, afande. Mashine ninayo kifuani, mwanangu anatapatapa huku, mimi naogopa mzimu."

Sajini aliyefuatana na Inspekta aliunyooshea mkono waya wa umeme wa mashine. "Hiki ni kielelezo, Inspekta."

"Kiguse uone. Kamwite jirani aje amshike mtoto." Inspekta aliketi kwenye ndoo. "Dawa imebaki ya muda gani?"

"Dakika saba."

Pidiong alinyoosha mikono yote miwili. Inspekta alifunga pingu mmoja tu.

"Huo mwingine," alisema, "ushikilie barakoa."