Dada Aliyeacha Dawa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kifungo alifagia chumba, akachemsha chai, kisha akasimama kumtazama dada yake akimeza dawa. Mama, aliyekuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, alitoka alfajiri. "Usiondoke mpaka umeona amemeza," alimwagiza. Jina la Kifungo alipewa na dada mwenyewe, fundi cherehani, siku alipomwona kitandani, kichanga kidogo kama kifungo cha shati.

Mwaka uliopita, dada alizidiwa na kazi ya kushona sare za shule. Mteja mmoja akamuuzia vidonge vya kuondoa usingizi. Mwanzoni alishona kama upepo. Baadaye hakula, hakulala, akawa anagombana na watu wasiokuwepo. Mama alimpeleka kliniki akiwa amekonda kama uzi.

Sasa alikuwa na dawa ya daktari ya kutuliza akili, lakini alijiona mzito kichwani. Alisahau vipimo. Shati moja alilikata mikono mitatu.

"Mdogo wangu," alisema siku moja, kidonge kikiwa kiganjani, "hii dawa inanipumbaza. Jana nimesahau kiuno cha mteja naye bado kasimama mbele yangu! Leo tu niiache. Mama usimwambie."

Kifungo alimhurumia. Jioni mama alipouliza, "Amemeza?" alijibu, "Amemeza, mama." Uongo wa kwanza aliutamka akitazama chini. Wa nne uliteleza wenyewe.

Dada akachangamka, akaimba, akacheka. Kifungo akadhani amepona. Hakujua kwamba vile vidonge vya mteja vilikuwa vimerudi.

Siku ya sita Kifungo alirudi kutoka shuleni akasikia cherehani ikienda mbio. Dada alikuwa akikanyaga bila kupumzika, macho yamemtoka. Sindano haikuwa na uzi. Ilikuwa imemtoboa kidole mara nyingi, na kitambaa chote kimelowa damu.

"Dada, kidole!"

"Usinisumbue! Huoni wateja wamejaa mlangoni?"

Mlangoni hapakuwa na mtu. Kifungo alikimbia kumwita jirani, fundi viatu, ambaye alilizuia gurudumu kwa mikono yake miwili.

Hospitalini walikata ncha ya kile kidole, iliyokuwa imesagika. Muuguzi wa kliniki alimuuliza mama, "Dawa alikuwa anameza?"

"Kila siku. Huyu mwanangu ndiye shahidi."

Kifungo alimgeukia mama. "Hapana, mama. Nimekudanganya. Siku sita hajameza."

Mama alikaa chini sakafuni palepale. Heri angempiga.

Muuguzi alimvuta Kifungo karibu. "Sikiliza, binti. Ubongo una kemikali zinazotupa hamu na furaha. Vile vidonge vilizimwaga kwa pupa, ubongo ukazoea, na sasa bila vidonge kila kitu unakiona kichungu. Kusahau kwa dada yako kulitokana na ubongo uliochoka, ambao hupona polepole. Huenda dawa nayo ilimwongezea uzito wa kichwa. Mngetuambia, daktari angeipunguza au kuibadilisha. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Daktari aliibadilisha. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya: dada alilia, akamnunia Kifungo, akamwita msaliti. Kifungo alivumilia. Mwezi wa tatu dada alianza kuandika vipimo daftarini, akajifunza upya kushika mkasi kwa kidole kifupi. Siku alipomaliza sketi moja bila kuifumua, aliiweka mapajani mwa mdogo wake, akasema, "Nikagulie, fundi mkuu." Wote wawili wakacheka, ingawa kidole hakitaota tena.

Mama aliomba zamu ya mchana ili asubuhi yeye mwenyewe amsimamie dada.

"Nilikutwika mzigo wa mtu mzima," alimwambia Kifungo, "hilo ni kosa langu. Lakini wewe nawe ujue, mwanangu: ukimpenda mgonjwa, sema ukweli wake, hata kama atakuchukia kwa ajili hiyo. Chuki yake itapoa. Msiba haupoi."